Mashine ya kusikia ikinyamaza ghafla

Kama unamtunza mzee anayevaa mashine ya kusikia, usikimbilie kusema imekufa. Ivue, uitazame mwangani pale kwenye kitobo kinachoingia sikioni. Mara nyingi utakuta nta imeziba. Isugue taratibu kwa kiburashi kikavu, kitobo kikiangalia chini ili nta idondoke, isirudi ndani. Maji na spiriti weka mbali kabisa.

Bado kimya? Badilisha betri. Zile za duara zenye stika hufanya kazi kwa hewa: bandua stika, subiri dakika moja hivi, ndipo uiweke. Ukishabandua imeanza kuisha, hata ukiirudishia stika, kwa hiyo usifungue pakiti nzima. Rangi ya stika ndiyo saizi: chungwa ni 13, kahawia ni 312.

Huku Pwani adui mkubwa ni jasho na unyevu. Mashine ya bibi yangu hulala kwenye kopo lenye mfuniko, kimlango cha betri kikiwa wazi, pamoja na kipakiti kipya cha chembe za kunyonya unyevu. Asubuhi, kabla ya kumvalisha, naiwasha na kuifumbata kiganjani. Ikipiga mluzi, iko hai.