Kumlisha mtoto mchanga mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe na vyakula vingine

Mtoto ana miezi minne. Analia usiku kucha, kila akinyonya anacheua, choo kina ute na michirizi ya damu, na mashavu yamejaa pumu ya ngozi. Nyumbani watasema ni chango, au meno yanakuja. Lakini chango hupita lenyewe mtoto akikua, na meno hayatoi damu kwenye choo. Dalili zikikusanyika namna hii, ziwe za tumbo na za ngozi kwa pamoja, mzio wa maziwa ya ng'ombe uwe miongoni mwa mambo ya kwanza kuchunguzwa.

Kinachomsumbua ni protini ya maziwa, hasa kasini na zile za maji ya maziwa. Kinga ya mwili wake inazichukulia kama adui. Sukari ya maziwa, yaani laktosi, ni habari nyingine kabisa, na kwa mtoto mchanga si kawaida kukuta tatizo lake isipokuwa baada ya kuharisha vibaya. Kwa hiyo maziwa ya kopo yaliyoondolewa laktosi hayamsaidii mwenye mzio, kwani protini imebaki mle mle. Kuchemsha hakuondoi, wala kugandisha kuwa mtindi.

Mzio huu una sura mbili, na lazima ujue unashughulika na ipi kabla hujajaribu lolote nyumbani. Wa haraka huonekana ndani ya dakika chache hadi saa 2: mabaka yanayowasha, midomo au macho kuvimba, kutapika ghafla, kukohoa, kifua kubana. Wa polepole huchukua saa kadhaa, pengine hadi siku 3: choo chenye ute au damu, kuharisha au kufunga choo, kucheua kupita kiasi, pumu ya ngozi, uzito kutopanda. Majaribio ya nyumbani yanayoelezwa hapa ni ya mzio wa polepole tu. Wa haraka hujaribiwa hospitali, penye adrenalini (dawa ya sindano inayookoa kwenye mzio mkali) mkononi.

Iko pia hali inayowachanganya hata wahudumu: mtoto anakula vizuri, kisha baada ya saa 1 hadi 4 anatapika mfululizo, anapauka na kulegea kama kitambaa. Hana vipele, hana uvimbe, basi watu hudhani ni malaria au chakula kilichoharibika. Huu nao ni mzio, na maziwa, soya, mchele na oti (oats) ndivyo vinavyojulikana zaidi kuuleta. Huhitaji hospitali na mara nyingi maji ya dripu. Andika alichokula na saa aliyokula, umwonyeshe daktari.

Usianze kukata vyakula kabla mtoto hajapimwa. Damu kwenye choo inaweza kuwa ya kuhara damu. Ikiwa inafanana na jeli nyekundu, na mtoto analia kwa vipindi akikunja miguu, utumbo unaweza kuwa umeingiana, na hapo hakuna kusubiri kesho. Beba kadi ya kliniki, maana mstari wa uzito humweleza daktari mengi kuliko maneno. Vipimo vya mzio vya damu na vya kuchoma ngozi husaidia kwa mzio wa haraka, havioni wa polepole. Ukiuziwa kipimo cha IgG (aina ya kingamwili ya damu) kinachotoa orodha ndefu ya "vyakula vinavyokukataa", hifadhi fedha yako. IgG huonyesha tu kwamba mtu amewahi kula kitu hicho.

Anayenyonya aendelee kunyonya

Watoto wengi wenye mzio hunyonya bila shida hata mama akinywa maziwa, kwa sababu kinachopita kwenye ziwa ni kidogo mno. Dalili zao huanza siku wanapopewa maziwa ya kopo au uji wa maziwa. Hao dawa yao ni kuviacha hivyo viwili, na mama asibadilishe mlo wake. Mama hujaribu kuacha maziwa pale tu dalili zinapotokea ilhali mtoto ananyonya peke yake.

Jaribio lenyewe huchukua wiki 2 hadi 4. Tumbo hutulia mapema, pumu ya ngozi huchelewa, basi kwa ngozi mpe wiki 4 kamili. Katika muda huo mama aache maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi (protini zake zimefanana mno), mtindi, jibini, siagi, samli na maziwa ya unga. Chai iwe ya rangi. Hapa ndipo jaribio huharibika: mama ameacha glasi ya maziwa, lakini asubuhi anakula mkate, jioni anakula biskuti, na Ijumaa pilau la samli. Maandazi ya tui la nazi ni salama, ya maziwa si salama, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Uliza. Lebo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo yakariri maneno haya: milk, milk solids, whey, casein, caseinate, buttermilk, ghee. Baadhi ya siagi za mimea nazo zina maziwa ndani.

Mama anayenyonyesha anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao na mboga za majani husaidia, ila kama haviliwi kila siku, aombe vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Supu ya mifupa inasifiwa sana, lakini kalsiamu inayotoka kwenye mfupa kuingia kwenye supu ni kidogo.

Dalili zikitulia, rudisha maziwa. Hatua hii karibu kila mtu huiruka kwa hofu, na ndiyo inayotoa jibu. Mama anywe kikombe kimoja kwa siku kwa muda wa wiki moja. Dalili zikirudi, mzio umethibitika: acha tena, na zitatulia tena. Zisiporudi, maziwa hayakuwa na kosa, na mama ale kama zamani. Bila hatua hii utakuta mama aliyeacha maziwa, mayai, karanga, samaki na maharage kwa mwaka mzima, amedhoofika, kumbe mtoto alipona tu kwa kukua.

Ikiwa maziwa yameachwa kwa uaminifu wiki 4 na dalili hazijapungua, cha kufuata kwa kawaida ni soya, kisha mayai. Kimoja kimoja, kwa njia ile ile.

Anayetumia maziwa ya kopo

Asiyenyonya anahitaji maziwa maalumu ambayo protini yake imekatwakatwa kabisa. Akishindwa nayo, au hali yake ikiwa kali, hupewa yale ya asidi za amino, yasiyo na protini nzima hata kidogo. Ni ghali na hupatikana kwenye maduka makubwa ya dawa mijini, kwa hiyo ziwa lolote lililobaki lilindwe. Makopo yenye alama ya HA yamekatwa protini nusu tu, hayamfai mtoto ambaye tayari ana mzio. Ya soya yasitumike kabla ya miezi 6, na hata baadaye wapo watoto wanaoikataa soya pia.

Ladha ya maziwa haya maalumu ni chungu na harufu ni nzito. Mwenye mzio wa polepole anaweza kuzoezwa kwa kuchanganya na maziwa aliyozoea: robo, nusu, robo tatu, kisha yote, kwa siku chache. Mwenye mzio wa haraka habadilishiwi polepole namna hiyo. Anaacha ya zamani siku hiyo hiyo. Hadi miezi 6, mtoto hunywa takriban mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Usipunguze unga ili kopo lidumu. Uzito utashuka, na lawama itaangukia mzio.

Tui la nazi, maziwa ya soya ya dukani, ya lozi na uji mwepesi haviwezi kushika nafasi ya maziwa ya mtoto wa chini ya mwaka. Tui ni zuri kupikia, lakini protini yake ni haba. Kinywaji cha mchele asipewe kabla ya miaka 5, kwa sababu ya arseniki (sumu) iliyomo.

Miezi 6: tatizo liko kwenye unga wa lishe

Unga wa lishe tuliouzoea una mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, pengine dagaa na maziwa ya unga. Kwa mtoto mwenye mzio ndio mwanzo mbaya kuliko wote. Akipata vipele hujui umshike nani kati ya tisa.

Anza na kimoja: viazi vitamu, boga, ndizi bokoboko, parachichi, au uji wa ulezi mtupu. Siku ya kwanza robo kijiko cha chai, asubuhi, ili uwe macho naye mchana kutwa. Siku ya pili kijiko cha chai kizima, ya tatu kijiko cha chakula au zaidi. Siku 3 zikipita salama, chakula hicho kinaingia kwenye orodha ya salama na kinaendelea kuliwa, huku kipya kikianza. Usianzishe kipya mtoto akiwa na homa, anaharisha au amechanjwa siku hiyo, la sivyo hutajua dalili zimetoka wapi. Weka daftari: tarehe, saa, chakula, kiasi, kilichotokea, saa kilipotokea.

Kwa unga, nunua nafaka ukasagishe mwenyewe, na hapo angalia mashine. Aliyekutangulia huenda amesaga karanga au soya, na masalio yake yanakuja kwenye unga wako. Nenda asubuhi kabla ya wateja, au pitisha kwanza kilo moja ya mahindi utakayokula mwenyewe.

Kwa uji mmoja, chemsha vijiko 3 vya chakula vya unga wa ulezi katika mililita 250 za maji kwa dakika 10 hadi 15, ukikoroga. Uwe mzito, ukae kwenye kijiko bila kutiririka. Epua, tia kijiko 1 cha chai cha mafuta au vijiko 2 vya tui zito. Mtoto akishindwa na uzito wake, usiongeze maji. Acha upoe hadi uvuguvugu, tia kijiko 1 cha chai cha kimea cha ulezi (unga wa ulezi ulioota ukakaushwa), koroga, ngoja dakika 10. Kimea humeng'enya wanga na uji unakuwa mwepesi huku nguvu ikibaki ile ile. Urudishe motoni uchemke kidogo kwa ajili ya usafi. Kimea kikitiwa kwenye uji unaotokota hakifanyi kazi.

Nyama na maini viingie mapema, maana madini ya chuma ndiyo yanayopungua kwanza. Watoto wachache wenye mzio wa maziwa huikataa pia nyama ya ng'ombe, kuku hutatua. Dagaa uwajaribu peke yao: toa vichwa na matumbo, osha mchanga, kausha, kaanga bila mafuta, twanga, chekecha.

Mayai na karanga visicheleweshwe. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto walio katika hatari waliokula karanga kuanzia uchangani walipata mzio wa karanga mara chache sana kuliko waliozuiwa. Ila mwenye pumu kali ya ngozi, au mzio wa haraka wa chakula chochote, apimwe kwanza. Yai liwe limechemka hadi kukauka, na ute uwemo, kwa sababu protini nyingi zenye mzio ziko huko. Kumpa kiini miezi mitatu hakujajaribu chochote. Karanga ziwe siagi laini iliyozimuliwa kwa maji ya uvuguvugu: ncha ya kijiko, ngoja dakika 10, kisha taratibu hadi vijiko 2 vya chai, mara 3 kwa wiki. Punje nzima humkaba mtoto, na zenye ukungu zina sumukuvu.

Ikitokea hatari

Akipumua kwa shida, sauti ikikauka, ulimi ukivimba, au akilegea, nenda hospitali mara moja. Mlaze, miguu ikiinuliwa. Anayehema kwa shida mshike ameketi. Usimsimamishe, na usipoteze muda kwa dawa ya mafua au ya kuwasha. Kinachookoa ni adrenalini ya sindano ya paja. Waambie hivyo mlangoni: "ni mzio wa chakula." Dada wa nyumbani na bibi wajue sentensi hiyo pia, kwani wao ndio huwa na mtoto mchana.

Kurudisha maziwa

Wengi huuacha mzio huu kati ya mwaka 1 na 5. Mwenye mzio wa polepole hujaribiwa baada ya miezi 6 ya kuacha, akiwa na miezi 9 hadi 12, kwa makubaliano na daktari au mtaalamu wa lishe. Huanzia kwenye maziwa yaliyookwa ndani ya unga wa ngano, ikiwa ngano yenyewe ameshaizoea, kwa sababu joto la muda mrefu na ngano hupunguza makali ya protini: kwanza biskuti yenye maziwa, robo, nusu, nzima, kisha keki, kisha chapati za maji zilizokorogwa kwa maziwa, kisha mtindi, kijiko kwa kijiko, mwisho maziwa yenyewe. Kila ngazi mpe angalau wiki. Dalili zikirudi, shuka ngazi moja, kaa hapo kwenye kile anachokiweza, na ujaribu tena baada ya miezi michache.