Wikendi ya Kundi Kisumu: Somo kwa Wanaotoka Nakuru

Mara ya kwanza nilipoandaa wikendi ya Kisumu, watu 15 walisema "mimi nipo" kabla jua halijazama. Siku ya kuondoka tulisimama stegi tukiwa saba, gari la abiria 14 likiwa limeshalipiwa, na pengo lile nikaliziba mimi kwa mkopo wa chama. Tangu hapo nimeandaa safari nyingine tano na sijalipia tena kiti cha mtu aliyebaki kwake. Kundi likanibandika jina la Katibu, na somo hili ni la Katibu huyo.

Hatua ya kwanza: hesabu watu kwa pesa

Katika kundi la marafiki, "nipo" maana yake ni "wazo zuri". Anayekuja ni yule ambaye amana yake imeingia. Teueni mweka hazina, na asiwe yule anayetafuta gari na nyumba. Anayeshika pesa akiwa mbali na anayezitumia, manung'uniko hupungua sana. Wekeni tarehe ya mwisho wiki tatu kabla ya safari, na anayetuma atume na ya kutolea.

Sasa siri yenyewe. Mkiwa 14 mliosema ndiyo, gawanyeni gharama kwa 11. Tuseme gari na mafuta ni 26,000, nyumba ya usiku mbili 24,000, mashua na viingilio 8,000, na vyakula vya kupika wenyewe 8,000. Jumla 66,000. Mkigawa kwa 14, kila mtu atatoa kama 4,715. Mkigawa kwa 11, ni 6,000. Tozeni 6,000. Wakija wote, mnabaki na 18,000 za kulipia samaki wa Jumamosi na tuktuk za usiku. Wakihepa watatu, hakuna anayeumia. Bei hizo ni za mfano tu, zenu mtaziuliza wenyewe, lakini hesabu ni hiyo hiyo mkienda Kisumu au mkienda Malindi.

Amana hairudishwi. Hilo lisemwe mapema, kwa maandishi, na lisemwe na mtu ambaye haogopi kununiwa.

Hatua ya pili: gari na dereva

Kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni karibu kilomita 185. Kwenye karatasi zinaonekana chache, mpaka ukwame nyuma ya malori pale Salgaa. Tengeni saa nne, na tano kama kuna watu wa kushuka kila penye mahindi ya kuchoma. Mimi hupenda kuondoka Ijumaa saa saba mchana ili tuipite njia panda ya Mau Summit kabla ukungu haujashuka. Chai tunakunywa Kericho (utapitaje Kericho bila chai?), na baada ya hapo barabara inateremka kuelekea bonde la Kano. Kufika Awasi masweta yanavuliwa, Ahero mnaona mashamba ya mpunga, na joto la ziwa linaingia garini bila hodi.

Mkikodi matatu, muulizeni mwenyewe kama ana kibali cha muda cha kubeba watu nje ya njia yake ya kawaida. Mkisimamishwa bila kibali, wikendi inaishia kando ya barabara. Na dereva naye ni mtu. Chumba chake na chakula chake viwe ndani ya hesabu tangu mwanzo. Niliwahi kuona kundi lililomwacha dereva alale kwenye kiti cha nyuma usiku mbili, kisha Jumapili wakamwambia awarudishe kupitia mteremko wa Salgaa. Mimi singepanda gari hilo.

Hatua ya tatu: pa kulala

Hapa sitakawia. Milimani ni pazuri kwa sababu ni karibu na ziwa na karibu na mji. Riat kuna upepo na unaona ziwa lote kwa chini, lakini kila kutoka ni nauli. Ulizeni mambo manne: neti, feni, tangi la maji, na kama kelele zinaruhusiwa. Nyumba nyingi za kukodi kwa siku hukataza sherehe, na wengine wenu mnajua mnavyocheka.

Hatua ya nne: Jumamosi, vigingi viwili tu

Makosa makubwa hufanyika hapa. Mtu anachora ratiba ya mambo tisa, saa kwa saa, halafu watu 12 wanagombania bafu mbili na ratiba inakufa kabla ya chai. Pigeni vigingi viwili tu, samaki wa mchana na machweo ziwani. Mengine yazunguke hapo.

Samaki tunakula Dunga, kijiji cha wavuvi kusini ya mji. Nimejifunza kwa njaa yangu mwenyewe kwamba samaki wa watu 12 hawaivi kwa nusu saa. Tulifika saa nane tukaagiza, chakula kikaja saa kumi na robo, na waliokuwa wakicheka wakawa hawasemezani. Siku hizi mmoja wetu hutangulia saa nne asubuhi, anachagua samaki kwa macho, anakubaliana bei ya kila mmoja kulingana na ukubwa wake, na anasema wangapi wakaangwe wakavu na wangapi wawe wa mchuzi. Ngege, yaani tilapia, ndiye mtamu zaidi. Mbuta ana nyama nyingi na miiba michache, anawafaa wasiojua kula samaki. Mkiletewa osuga pembeni, msiirudishe: ni mboga ya managu tu kwa jina la nyumbani. Ugali wa huko huitwa kuon, unaliwa kwa mkono, na anayeomba uma atachekwa na meza nzima.

Kati ya chai na samaki, wanaopenda kutembea waende Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980. Ndani kuna boma kamili la Kijaluo, kila nyumba mahali pake kwa mpangilio wa wake na watoto, na kuna nyoka kwa wale wanaotaka kupiga mayowe. Wengine hupenda hifadhi ya Impala iliyo ufukweni. Ni ndogo, haifiki kilomita moja ya mraba, kwa hiyo kundi haliwezi kupoteana. Lipeni kabla kwa eCitizen, na chupa za plastiki za kutumia mara moja ziacheni garini. Zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020.

Mashua tunapanda saa kumi na moja jioni. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja, na katika Ghuba ya Winam, sehemu ya Ziwa Victoria iliyo Kisumu, linazama haraka. Ukiinama kutafuta simu, limekwenda. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, pamoja na yule anayejigamba kwamba amekulia Homa Bay. Idadi ya kupanda aseme nahodha, na akisema hali ya maji haimpendezi, shukeni mkanywe soda. Kuna pia gugumaji, ambalo upepo hulisukuma huku na kule. Leo ufuko uko wazi, kesho ni zulia la kijani na mashua hazipiti. Ndiyo maana hatulipii mashua siku nyingi kabla. Viboko mtawaona kwa mbali, na kwa mbali ndiko kuzuri.

Hatua ya tano: usiku

Mkipata mahali penye ohangla, muziki wa Kijaluo, ya kupigwa papo hapo, msiende kwingine. Ngoma, orutu (zeze la uzi mmoja), na mwimbaji anayejua kumtazama mtu akajua mfuko wake. Mjue kuna kitu kinaitwa pakruok: mtu anakatiza wimbo, anatoa pesa, kisha anajisifu, au anamsifu rafiki yake, shemeji yake, kijiji chao, mpaka jasho limtoke. Ni utamu wa aina yake, na ni shimo la pesa. Sisi tuna bahasha moja ya pakruok kwa kundi zima. Ikiisha, tunapiga makofi tu. Safari moja mwenzetu, mtulivu kabisa, mhasibu, alijisifu mara tano kwa usiku mmoja, na Jumatatu akaniomba nauli ya kwenda kazini.

Kurudi, tumieni teksi au tuktuk, wanne wanne, na kila gari liwe na mtu mmoja ambaye hajaonja kitu. Gari lenu lilale. Kabla ya kuondoka hesabuni vichwa, msihesabu kwa kuuliza "wote tupo?"

Jumapili

Soko la Kibuye hufurika Jumapili kuliko siku nyingine. Nendeni mapema, na viatu vya kufunga. Mtakuta mitumba, vyungu, fanicha, omena kwa mkebe. Samaki wa kubeba nyumbani awe wa kukaanga au obambla, aliyepasuliwa akakaushwa juani, kwa sababu mbichi akifika Kericho atakuwa ameshawaharibia urafiki. Bebeni kikapu au ndoo yenye kifuniko. Saa nane mchana muwe barabarani.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Njoro: Katibu, kwa nini tusipande treni? Nasikia inapita Nakuru.*

Inapita, na mimi naipenda. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na treni ya abiria ilirudishwa Desemba 2021 baada ya miaka ya ukimya. Mpango wake ulikuwa kuondoka Nairobi Ijumaa jioni na kugeuza Kisumu Jumapili. Shida kwetu ni kwamba inapita Nakuru usiku, na safari zake zimewahi kusitishwa. Ulizeni stesheni wiki hiyo hiyo kabla ya kukusanya pesa. Mkiipata, bebeni blanketi na karata.

*Dada wa Kiamunyi: Rafiki yangu alilipa amana, sasa amefiwa. Bado hairudishwi?*

Dada, hapo sheria inawekwa kando. Msiba si kuhepa. Mrudishieni yote, na mwongeze mchango wenu. Ninayemkatalia ni yule aliyeitwa kwenye sherehe nyingine Alhamisi usiku. Huyo atafute mtu wa kuchukua kiti chake wamalizane wenyewe.

*Kaka wa Free Area: Tuna Wasabato wawili kwenye kundi. Jumamosi nzima itawaponyoka.*

Haitawaponyoka yote, maana Sabato inaisha jua likizama. Asubuhi waende kanisani, Kisumu hawatakosa. Mashua ya machweo tumewahi kuihamishia Jumapili saa kumi na mbili unusu asubuhi kwa ajili ya wenzetu kama hao, na nikiri kwamba ziwa la asubuhi lilikuwa tulivu kuliko la jioni, ndege wamejaa kwenye mafunjo. Waliolala wakichoka na ohangla ndio waliokosa. Lakini waulizeni wenyewe kwanza. Wengine hawana shida na kutembea ufukweni Sabato, wengine wanayo.

*Mama wa Lanet: Kijana wangu anakuja na nyinyi. Nina hofu ya malaria, na anapenda kuogelea.*

Mama, hofu yako ni ya haki. Sisi wa nyanda za juu miili yetu haijazoea malaria, na ukanda wa ziwa unayo mwaka mzima. Alale ndani ya neti, jioni avae mikono mirefu, ajipake dawa ya mbu, na kabla ya safari amuulize daktari kuhusu vidonge vya kinga. Kubwa zaidi: malaria hujitokeza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Akishikwa na homa wiki mbili baadaye akiwa Lanet, aende apimwe na aseme wazi alikuwa Kisumu, asije akapewa dawa ya mafua. Kuogelea, awe kwenye kidimbwi cha hoteli. Maji ya kando ya ziwa yana kichocho, na kiboko hapigi honi.

*Mwanachama wa Bahati: Tukiwa na muda Jumapili, Kit Mikayi inafaa?*

Inafaa, ila ni kama kilomita 30 upande wa barabara ya Bondo, yaani mnazidi kwenda mbali na nyumbani. Chagueni hiyo au Kibuye. Jina maana yake ni jiwe la mke wa kwanza; husimuliwa mzee mmoja alivyolipenda jiwe hilo hata akashinda humo kila siku, na mkewe, akiulizwa aliko mumewe, akajibu ameenda kwa mke wake wa kwanza. Watu huenda pale kusali na kufunga, kwa hiyo spika yenu ya muziki ibaki garini.

*Kaka wa Section 58: Mmoja wetu ana shangazi Ahero. Anasema tupite tu kumsalimia, dakika ishirini.*

Hakuna dakika ishirini kwa shangazi. Sisi tulipita kwa mama mkubwa wa mwenzetu, tukiwa 12, tukiwa tumeshiba. Kabla hatujakaa, kuku wawili walikuwa wameshakimbizwa. Tuliondoka saa moja usiku. Kama ni lazima, na mara nyingi ni lazima, pitieni wakati wa kurudi, msiwe mmekula, mbebe sukari na majani ya chai ya Kericho mliyonunua Ijumaa, na mumpigie simu mkiwa bado Kisumu ili kuku akimbizwe mapema.