Kuchora kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti: niliyojifunza kambini Mpigi, Uganda

Nilifika kambi ya wachoraji huku Mpigi na mazoea yangu ya Kampala: kuchora bodaboda, mabango, mistari iliyonyooka kama rula. Wiki ya tatu nilikuwa nimeharibu turubai nne. Ukija na wewe, siku mbili za kwanza usiguse brashi. Amka saa kumi na mbili ukungu ukiwa bado bondeni, utazame tu. Saa sita mchana lala. Jua la utosini halibakishi kivuli cha kuchora.

Kisha nunua lubugo kwa fundi. Ni gome la mti wa mtuba linalopondwa kwa nyundo za mbao hadi likawa kitambaa. UNESCO waliuingiza ufundi huo katika orodha yao ya urithi wa utamaduni mwaka 2008. Rangi yake ni kahawia iliyoiva, na hapo ndipo mkono wangu ulipogeuka. Kwenye turubai jeupe nilikuwa naongeza giza. Hapa giza lipo tayari, unatafuta mwanga. Nusu ya mistari yangu ilikosa kazi.

Usiivute sana kwenye fremu, huchanika. Paka upande wa nyuma gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja kwa mbili za maji, ukaushe kivulini. Tumia rangi ya akriliki. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja huacha duara la mafuta pembeni, na baada ya miaka huozesha nyuzi. Nyekundu usinunue: ponda udongo wa njiani, uchuje kwa soksi kuukuu ya nailoni, changanya na gundi. Ukikauka ukabaki kidoleni, ongeza gundi.

Lubugo inakunywa rangi, hakuna kufuta. Na ina viraka vinavyoziba matundu. Nilimwomba mzee fundi kipande kisicho na kiraka, akacheka: "Mwanangu, hapo palikuwa na tawi." Sasa naanza na kiraka, picha inafuata.

Picha zilizoharibika usizitupe. Andika tarehe nyuma, zigeuzie ukutani mwezi mzima. (Wakati wa mvua za Aprili ziweke mbali na ukuta, la sivyo zitaota ukungu.)

Mteja wangu wa zamani aliuliza bodaboda zimekwenda wapi. Basi kila mwisho wa mwezi nachora moja. Ya mwisho ilibaki gurudumu tu, na kiraka kikawa taa.