Kusoma maandishi ya wino kwa kidole: jinsi ya kuanza na Optacon

Nimemaliza majuma saba nikimfundisha binti mmoja asiyeona tangu kuzaliwa. Nukta nundu, yaani maandishi ya Braille, anazisoma kwa kasi, na simu yake humsomea karibu kila karatasi. Alichokikosa ni kujua maandishi ya wino, yale wanayosoma wenye kuona, yanakaaje kwenye ukurasa: aya inaanzia wapi, jina la mtu limeandikwa kwa c au kwa k, kati ya tarakimu mbili kuna nukta au mkato. Simu husoma ilichodhani imekiona, na ikikosea hukosea kwa sauti ileile ya uhakika. Mimi mwenyewe sioni, na Optacon nimeitumia kwa miaka mingi. Haya ndiyo tuliyofanya, kwa mpangilio ambao ningetamani nami nifundishwe hivyo.

Kwa asiyeijua: Optacon ni kisanduku kilichounganishwa kwa waya na kamera ndogo yenye magurudumu. Mkono wa kulia huisukuma kamera juu ya mstari. Kidole cha shahada cha kushoto hulala ndani ya kisanduku juu ya pini 144, safu mlalo 24 kwa safu wima 6. Penye wino pini hutetemeka, kama mara 230 kwa sekunde. Penye weupe hutulia. Herufi inakujia kwa umbo lake lenyewe. John Linvill, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliibuni akimfikiria binti yake Candy, ambaye alikuwa haoni. Ilianza kuuzwa mwaka 1971.

Hatua ya 1: Kagua mashine

Utengenezaji ulikoma mwaka 1996, kwa hiyo utapata iliyotumika. Weka kamera juu ya karatasi nyeusi tupu: pini zote zitetemeke. Weka juu ya nyeupe tupu: zote zinyamaze. Pini moja moja zilizokufa zinavumilika, lakini safu nzima ikifa usiinunue, kwani kila herufi itakuwa na pengo na utamlaumu mwalimu bure. Pima pia betri inadumu muda gani bila chaja.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua ya kwanza badala ya Optacon II. Ya pili ina pini 100 tu, safu mlalo 20 kwa 5, na mimi naona upungufu huo kwenye herufi zenye mikia kama g na y.

Hatua ya 2: Tuliza kidole

Msomaji wa nukta nundu amezoea kupapasa. Hapa ukipapasa unaharibu picha. Kidole kilale, kisikandamize, kisitembee. Herufi ndizo zinazopita chini yake kutoka kulia kwenda kushoto, vichwa vikiwa upande wa ncha ya kidole. Mpe mwenzako kamera aisukume wakati wewe unahisi tu. Siku mbili za hivyo zinatosha.

Nguvu ya mtetemo iwe ndogo. Wanaoanza hupenda kuiongeza wakidhani wataelewa zaidi, kumbe ngozi inakufa ganzi baada ya dakika chache. Dakika 15, inua kidole, pumzika, rudi. Mikono ikiwa baridi, ipashe joto kwanza.

Hatua ya 3: Rekebisha kwa herufi e

Kuna kirekebishi cha ukubwa: herufi kubwa ichukue sehemu kubwa ya urefu wa pini, ila ibaki nafasi ya mkia wa g. Kuna pia kile kinachoamua weusi kiasi gani uhesabiwe kuwa wino. Hicho kipime kwa e ndogo. Kikizidi upande mmoja, ufito wa katikati hukatika na e inakuwa c. Kikizidi upande mwingine, matundu yanazibika na e inakuwa o. Zungusha hadi usikie ufito na mdomo ulio wazi kwa pamoja. Fanya hivyo kila ubadilishapo karatasi, hata kama ni kitabu kilekile.

Hatua ya 4: Mkono wa kulia

Hapa ndipo nilipopotea. Kwa muda mrefu niliamini kidole changu ni kizito. Nilikuwa nasoma maneno matatu vizuri, la nne linayeyuka. Nikaongeza nguvu ya mtetemo, nikabadilisha ukubwa, nikabadilisha kitabu, nikarudia alfabeti yote upya. Kidole hakikuwa na kosa lolote. Kamera ilikuwa inapanda taratibu juu ya mstari, nami sikuwa na namna ya kujua, maana aliyefundisha alikuwa anaona na akinisahihisha kwa kunishika mkono bila kuniambia anachosahihisha.

Basi jifunze kusoma makosa ya mkono wako kwa kidole. Yako mawili, na dalili zake hazifanani.

La kwanza ni kuhama mstari. Kamera ikipanda juu ya mstari, herufi huteremka kuelekea shina la kidole na miguu yake inakatwa. Kamera ikishuka, herufi hupanda kuelekea ncha na vichwa vinakatwa. Ndiyo, ni kinyume, na ubongo utakataa kwa siku kadhaa. Usijaribu kuifuata herufi kwa kidole cha kushoto! Kama vichwa vinapotea, pandisha mkono wa kulia.

La pili ni kuzungusha kamera. Hapo herufi hazikatwi ila zinainama. Zikilalia kushoto, kamera imezungukia kulia kama mshale wa saa. Binti yule alinieleza vizuri kuliko nilivyoweza mimi: “Mwalimu, l zote zimeegemea kama mtu anayesinzia.” Sababu karibu daima ni kiwiko. Ukikiweka kiwiko mezani na kukifanya mhimili, mkono unachora upinde, na kamera inazunguka pamoja nao. Kiwiko kisiegemee. Mwendo utoke begani, mkono wote usogee kwenda kulia, kifundo kikiwa kigumu kidogo.

Mazoezi ni mawili, na tuliyafanya kila siku kabla ya kugusa neno lolote.

Chapisha mstari mmoja mnene ulionyooka, wa upana wa ukurasa. Pitisha kamera juu yake. Kwenye kidole unapaswa kuusikia kama uzi uliolala kukikingama, mahali palepale mwanzo hadi mwisho. Ukihama, umejua. Usiende hatua nyingine mpaka uweze kuumaliza mara tano mfululizo bila uzi kuhama zaidi ya upana wake.

Kisha chapisha safu ya vijiti vilivyosimama, kama l nyingi zenye nafasi kati yake. Kila kimoja kipite kikiwa kimelala sawasawa na urefu wa kidole. Kikianza kuinama, simama hapohapo, nyoosha kamera, endelea. Usirudi mwanzo, kwa sababu katika kusoma kwa kweli utahitaji kujinyoosha katikati ya neno.

Kuhusu rula: itumie. Bandika karatasi mezani kwa selotepu, weka rula nzito ya chuma chini ya mstari, kamera iteleze ikiigusa. Wapo wanaosema rula humlemaza mwanafunzi. Mimi nasema mwanafunzi anayesoma sentensi nzima siku ya nne kwa msaada wa rula atarudi siku ya tano, na asiyesoma kitu hatarudi. Tahadhari ni mbili tu. Kama maandishi yenyewe yamechapwa kwa mshazari, rula iliyolingana na ukingo wa karatasi itakupotosha, hivyo ilinganishe na mistari. Na vitabu vinene vina mbonyeo karibu na mshono. Pale kamera huinuka na herufi hufifia, rula haitasaidia, inabidi ukandamize ukurasa kwa nguvu.

Kurudi mwanzo wa mstari unaofuata: rudi nyuma juu ya mstari uleule uliomaliza kuusoma, mpaka weupe wa pembezoni, ndipo ushuke. Ukikata kona ya mshazari utaruka mstari na hutajua.

Hatua ya 5: Herufi

Kwa asiyewahi kuona, anza na maumbo makubwa yaliyoinuka, yaliyochorwa kwa uzi au kwenye ile karatasi ambayo wino mweusi huvimba ikipashwa joto. Usikae nayo siku nyingi. Valentin Haüy, Mfaransa aliyefundisha wasioona, alikwishachapa vitabu vya herufi zilizoinuliwa mjini Paris mwaka 1786, na tunajua kwa nini nukta za Louis Braille zilizishinda: kupapasa umbo la wino ni polepole. Optacon inafanya kazi kwa sababu herufi hutembea, basi jifunze ikitembea.

Usifuate alfabeti. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu, na a ndiyo herufi utakayokutana nayo kuliko zote. Anza na a, i, u, n, k, w, na tayari una na, ni, kwa, kuna, nani. Kisha e na o. Jihadhari na hizi: n na u, ambazo ni umbo moja lililopinduliwa; h na b, tofauti iko chini, h iko wazi; r ikifuatiwa na n, inayojifanya m. Na ile a ya vitabuni ina kofia juu, lakini kwenye maandishi ya mlazo (italiki) huwa duara lenye kijiti. Mwanzoni tumia fonti isiyo na vikia, yaani vile vistari vidogo kwenye ncha za herufi, kwa sababu vikia huunganisha herufi na herufi.

Hatua ya 6: Maneno

Acha kutaja herufi moja moja mapema iwezekanavyo. Kamera iende mwendo mmoja hata kama umekosa herufi, silabi itakuambia. Ng’ombe na ngoma zilimsumbua binti yule mpaka alipoacha kukitafuta kile kialama na kuanza kuhisi kitu kidogo kikigusa karibu na ncha ya kidole baada ya g.

Mwanzoni utasoma kama maneno 10 kwa dakika. Wazoefu wengi hufika 40 hadi 60. Riwaya bado naisoma kwa nukta nundu. Optacon naiweka kwa barua, fomula, lebo, na kukagua nilichochapa mwenyewe kabla hakijaondoka mezani.

Binti sasa ameondoa rula. Juma lililopita alisoma bahasha yake mwenyewe, akasimama kwenye jina la baba yake, akarudi nyuma mara mbili, akaniambia limekosewa: wameandika n penye u. Nikapitisha kamera. Ni kweli.