Somo: Kuchagua pawasoo, usinunue rangi

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Fundi, Stihl au Husqvarna?" Ni kampuni mbili kubwa za pawasoo. Nitalijibu, ila tuanze na mti.

1. Kazi ni ipi? Wa kupogoa jakaranda na kukata kuni nyumbani, Stihl MS 170 (injini ya ukubwa wa cc 30.1) inamtosha. Wa shamba la grevilea atafute kama MS 250 (cc 45.4). Lakini ukitaka kupasua mbao za mkaratusi, usishuke chini ya cc 70: MS 381 au Husqvarna 372 XP. Kupasua ni kufuata urefu wa gogo, injini inabeba mzigo bila kupumua, na mashine ndogo huishia kuunguza pistoni. Ile Stihl 070 ya kale (cc 105.7) wapasuaji bado wanaisifu, na nguvu inazo kweli. Tatizo ni uzito wake, kilo zaidi ya 10, na mtetemo ambao vidole vitausikia hata usiku.

2. Kumbuka uko Nairobi. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu iliyoandikwa kwenye boksi. Ukiona mashine inatosha kwa shida, panda saizi moja. Kuna zinazojirekebisha zenyewe kabureta, yaani kile kinachochanganya petroli na hewa (M-Tronic ya Stihl, AutoTune ya Husqvarna). Ni tamu, lakini zikigoma fundi wa jua kali hana kifaa cha kuzipima. Mimi bado napenda kabureta ya kurekebisha kwa skrubu.

3. Ulizia spea kabla ya kulipa. Pita Kirinyaga Road, uliza bei ya mnyororo, baa (ule ulimi wa chuma unaozungukwa na mnyororo) na plagi ya modeli hiyohiyo. Soma kitako cha baa: kumepigwa chapa ya hatua ya mnyororo (pichi, nafasi kati ya viungo vyake), upana wa mfereji na idadi ya meno ya ndani. Mnyororo wa mm 1.5 kwenye mfereji wa mm 1.6 utacheza na kukata upande.

4. Breki ya mnyororo, ile inayousimamisha mara moja mashine ikiruka. Haipo au haishiki? Rudisha mashine.

Sasa, Stihl au Husqvarna? Zote nzuri. Chukua ile ambayo fundi wako anaijua. La kuogopa ni feki: Stihl halisi nambari yake ya mfululizo imepigwa kwenye mwili wa mashine yenyewe, si stika tu.

Maswali

*Fundi, yangu ilikuwa sawa Mombasa. Huku Limuru inatoa moshi mzito na haina nguvu. Imekufa?*
Haijakufa, kaka. Petroli imezidi hewa kwa sababu ya mwinuko. Safisha kichujio cha hewa kwanza, kisha fundi apunguze skrubu ya H (ya petroli ya kasi kubwa kwenye kabureta) kidogo kidogo. Ukishuka tena pwani irudishwe, la sivyo pistoni itaungua.

*Oili chakavu ya gari naweza kuweka ya mnyororo?*
Hapana, dada. Ina chembe za chuma. Pampu itaziba na baa italika. Nunua ya mnyororo.

*Na ya kuchanganya na petroli, kiasi gani?*
Ukitumia oili nzuri ya kuchanganya, ml 100 kwa lita 5. Changanya kwenye mtungi, usimimine moja kwa moja ndani ya tangi.