Kulinganisha manga ya Kijapani na toleo la Kiingereza, fremu kwa fremu

Wengi wanaolinganisha manga, yaani hadithi za michoro za Kijapani, na toleo lake la Kiingereza huanza kwa kuwinda makosa ya mfasiri. Sikushauri uanzie huko. Tofauti utakazokutana nazo ni nyingi mno, na sehemu kubwa yake hakuna mtu aliyeitaka. Kazi yenyewe ni kujua kila tofauti imetoka wapi. Kwa hilo mimi hutumia herufi nne pembeni mwa daftari: T kwa toleo, U kwa ukurasa, L kwa lugha, M kwa maamuzi ya mtu. Herufi ya mwisho ndiyo inayonivutia kuliko zote, lakini huipati kwa haki mpaka uwe umezimaliza tatu za kwanza.

Hakikisha ni sura ileile

Sura ya manga hutoka zaidi ya mara moja. Kwanza huchapwa kwenye jarida, mfano Weekly Shonen Jump la kampuni ya Shueisha, lililoanza 1968. Baadaye sura kadhaa hukusanywa kuwa juzuu, ambayo Wajapani huiita tankobon. Hapo katikati mchoraji hupata nafasi ya kurekebisha: anamalizia mandhari aliyoichora mbiombio, anabadilisha uso, pengine anaandika upya mazungumzo. Kurasa za rangi za jaridani mara nyingi huwa za kijivu kwenye juzuu. Na ile mistari ya mhariri inayowekwa mwanzo na mwisho wa sura kumchochea msomaji asubiri toleo lijalo, huitwa aori, huondolewa kabisa.

Kwa hiyo ukiweka ukurasa wa jarida la Kijapani kando ya juzuu ya Kiingereza, utaona sentensi nzima imetoweka na utamshuku mfasiri bure. Hakuifuta. Haikuwemo kwenye nakala aliyopewa. Andika T, endelea mbele. Bora zaidi, linganisha jarida kwa jarida na juzuu kwa juzuu.

Kuzipata si kazi. Manga Plus ya Shueisha, iliyofunguliwa Januari 2019, hutoa sura kwa Kiingereza siku zinapotoka Japani, na sura za mwanzo na za karibuni kwa kawaida husomwa bure. Upande wa Kijapani kuna Shonen Jump+, inayofanya kazi tangu 2014, nayo hufungua bure sura za kwanza za hadithi zake nyingi. Spy × Family ya Tatsuya Endo ilianza humo Machi 2019, na kwa anayeanza sijui hadithi nzuri kuliko hiyo. Kwa kazi za zamani, BookWalker ina duka la vitabu vya kidijitali la Kijapani na la Kiingereza, na kitufe cha kuonja kabla ya kununua, tameshiyomi, mara nyingine hukupa kurasa za kutosha zoezi. Nakala zilizotafsiriwa na mashabiki na kusambazwa bila ruhusa sizitumii. Hujui nani amegusa nini humo, na mchoraji halipwi.

Kijapani kiasi gani kinatosha? Hiragana na katakana, mifumo miwili ya herufi za matamshi, basi. Kila moja ina herufi 46 za msingi. Majarida ya vijana huweka furigana, yaani herufi ndogo za matamshi kando ya kila kanji (herufi ya maana yenye asili ya Kichina), kwa hiyo neno lolote unaweza kulitafuta kwenye kamusi ya Jisho hata kama kanji yake huijui. Manga za watu wazima mara nyingi hazina msaada huo, ziache kwanza. Google Lens itakusaidia kusoma herufi, lakini isikupe maana. Ukiichukua tafsiri yake utakuwa unalinganisha mashine na mfasiri, na Kijapani chenyewe hukukigusa.

Tazama kabla ya kusoma

Pitia kurasa zote mbili bila kusoma neno. Anzia juu kulia, teremka kushoto. Kama Kiingereza kinaanzia juu kushoto, una toleo lililogeuzwa kama kwenye kioo. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya zamani. Akira ya Katsuhiro Otomo ilipoingia Marekani 1988 kupitia Epic, tawi la Marvel, iligeuzwa na kutiwa rangi na Steve Oliff. Ni kuanzia 2002, mchapishaji Tokyopop alipoanza kuchapa kwa mwelekeo wa Kijapani, ndipo kugeuza kulipopungua haraka. Akira yenyewe ilirudishiwa mwelekeo wake katika seti ya 2017, ikabaki na maneno yake ya sauti ya Kijapani.

Kwenye toleo lililogeuzwa, anayeshika silaha kwa mkono wa kulia anakuwa wa mashoto, na anayekimbia kuelekea kushoto, ambako kwa msomaji wa Kijapani ni mbele, anaelekea kulia. Mwendo unabaki sawa lakini nyuso hupinda kidogo, na mchoraji huliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Baada ya hapo ndipo utafute mchoro uliochorwa upya. Mfano unaojulikana umo katika Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa: mhusika aliyefungwa kwenye jiwe lenye umbo la msalaba, katika toleo la Viz, mchapishaji wa Marekani, amefungwa kwenye jiwe tupu, kwa kuogopa kuwaudhi wasomaji Wamarekani. Hiyo ni M isiyo na ubishi, ila ya mchapishaji. Usimtupie mfasiri.

Daftari

Zipe fremu namba kwa mpangilio wa kusomwa, kisha viputo vya maneno ndani ya kila fremu. Naandika hivi: uk. 12, f3, k2. Safu ya kwanza ni Kijapani kilichofasiriwa neno kwa neno kwa Kiswahili, kibaya kibaya, bila kukipamba. Safu ya pili ni Kiingereza kama kilivyo. Ya tatu ni herufi yangu na sababu kwa maneno machache. Ule ubaya wa safu ya kwanza una faida yake: ukianza kuupamba utakuwa umeshafanya maamuzi yako mwenyewe, na hutayaona tena ya mwenzako.

Anza na U, ndiyo rahisi. Kijapani huandikwa wima, kwa hiyo viputo vyake ni virefu na vyembamba. Kiingereza hulala. Kwenye kiputo chembamba maneno marefu yatakatwa kwa kistari au yataachwa, na sentensi itafupishwa. Ukiona kirai kimepotea, kwanza tazama upana wa kiputo. Furigana nayo huleta U za aina yake. Katika One Piece ya Eiichiro Oda, ile bahari ya safari kuu imeandikwa kwa kanji zenye maana ya njia tukufu ya baharini, lakini herufi ndogo za pembeni zinasema Gurando Rain. Msomaji wa Japani anapokea mawili kwa mara moja: maana kwa jicho, jina kwa sikio. Mstari wa Kiingereza una nafasi ya moja, nao umebaki na Grand Line. Kila ukiona katakana kando ya kanji, simama uangalie kama zinakubaliana. Zisipokubaliana, kuna kitu kitakachoachwa, mfasiri awe hodari kiasi gani.

Nani anasema, na kwa sauti ipi

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, na ningependa ukae nami. Kijapani kina njia nyingi za kusema “mimi”: ore ya mwanamume anayeongea bila urasmi au mwenye kiburi, boku iliyo laini zaidi, watashi ya heshima, washi ya wazee wa kwenye hadithi. Kiingereza kina moja. Ukiandika “imepotea” kila mara utajaza daftari bure. Weka L mara moja kwa kila mhusika, kisha utafute mfasiri ameihamishia wapi ile tabia: kwenye ufupi wa sentensi, kwenye maneno ya mtaani, kwenye jinsi anavyoapa.

Mchukue Anya wa Spy × Family. Humwita Loid, baba yake wa kuigiza, “chichi” na Yor, mama yake wa kuigiza, “haha”. Kwa Kijapani hayo ni maneno ya kumtaja mzazi wako mbele ya watu wa nje, si ya kumwita. Mtoto huita otōsan au papa. Kwa hiyo kila Anya anapofungua kinywa, msomaji wa Japani anacheka, na papo hapo anakumbushwa kwamba familia hii ni ya kuigiza. Kiingereza kimeweka Papa na Mama. Ni M, na mimi naiunga mkono: neno hilo linarudi kila sura, na neno geni lingemkwaza msomaji kila lilipotokea, mpaka lile chekesho lichoshe. Lakini usiishie hapo. Fuatilia sentensi zake nyingine, anavyojitaja kwa jina lake badala ya kusema “mimi”, anavyoruka viunganishi, uone ugeni wake umepewa makao gani.

Kijapani pia huacha mtenda bila kumtaja, na Kiingereza kinamdai. Hange wa Attack on Titan alilifanya hilo kuwa tatizo la wazi: mwandishi, Hajime Isayama, alitaka jinsia yake isitajwe, na mchapishaji wake, Kodansha ya Marekani, ikalazimika kupanga sentensi zisizomwita wa kiume wala wa kike. Kiswahili kingepita hapo bila kujikwaa, maana “amekuja” haisemi ni nani. Ndiyo maana nasisitiza safu ya kwanza iwe ya Kiswahili. Kuna mahali lugha yetu imekaa karibu na Kijapani kuliko Kiingereza kilivyokaa, na hapo L inaonekana yenyewe.

Halafu kuna mpangilio. Chukua sentensi iliyogawanywa viputo viwili, cha pili kikiwa baada ya kufungua ukurasa: “Ani o koroshita no wa…”, kisha “omae da.” Neno kwa neno: “Aliyemuua kaka yangu… ni wewe.” Kiingereza cha haraka kingesema “Wewe ulimuua kaka yangu”, na siri ingevuja ukurasa mmoja kabla ya mchoro wa uso wa muuaji. Mfasiri mzuri ataisuka upya sentensi ili lile “wewe” lisubiri. Kwa hiyo, kwa kila kiputo cha mwisho kabla ya kufungua ukurasa, jiulize neno lipi limeangukia pale. Kwangu hilo lina uzito kuliko usahihi wa kamusi.

Sauti

Aliyesoma tanakali za sauti ameshaelewa nusu ya jambo hili. Sisi husema kimya jii, giza totoro, akatumbukia chubwi. Mbili za kwanza hazina mlio wowote, ni hali iliyopewa sauti. Kijapani kimejaa maneno ya namna hiyo, na manga huyachora makubwa ndani ya mchoro: “shiin” katika chumba ambamo hakuna anayesema, “gogogo” hatari inapokaribia hata kama hakuna kinachonguruma. Kiingereza kina maneno ya vishindo na milio, ila kwa hali kama hizi hukwama.

Matoleo hutatua kwa njia tatu: kufuta na kuchora upya, kuacha Kijapani na kuweka tafsiri ndogo kando, au kuacha tu. Ya pili ndiyo ninayoipenda, kwa sababu herufi za mchoraji ni sehemu ya mchoro wake. Ukikuta zimechorwa upya, linganisha unene, mwinamo na mahali zinapokatwa na ukingo wa fremu, kisha ndipo uhukumu.

Tafuta tafsiri mbili za Kiingereza

Kama hadithi imefasiriwa mara mbili, nunua zote ukiweza. Yotsuba&! ya Kiyohiko Azuma ilianza kwa mchapishaji ADV Manga, kisha mwingine, Yen Press, ikaichukua 2009 na kuifasiri upya. Sailor Moon ya Naoko Takeuchi ilitoka kwanza na mhusika mkuu, Usagi, akiitwa Bunny, na toleo la Kodansha la 2011 likamrudishia jina lake. Pale wafasiri wawili wanapoacha Kijapani kwa namna moja, kwa kiasi kikubwa ni L au U. Pale wanapoachana wao kwa wao, hapo palikuwa na njia mbili na kila mmoja alichagua yake. Hiyo ndiyo M.

Maamuzi ya majina yasome kwa subira. Zoro wa One Piece ni Zolo katika juzuu za Viz, na likishaingia juzuu za mwanzo jina hufuatwa miaka na miaka ili msomaji asipotee. Kwa hiyo ukimaliza sura moja, usiende kwenye inayofuata. Ruka juzuu kadhaa mbele, mtafute mhusika yuleyule, na uzipime M zako za mwanzo: lugha aliyopewa mwanzoni bado anaizungumza? Akianza kusema kama wenzake wote, tazama ukurasa wa haki za uchapishaji uone kama jina la mfasiri limebadilika.