Bango lako la kwanza: mpe msomaji pa kuanzia

Kabla hujagusa rangi, jiulize: mtu akipita haraka, asome nini kwanza? Kwenye tangazo la mkutano, mara nyingi ni jina la mkutano. Tarehe na mahali vifuate, maelezo mengine yaje mwisho. Kwenye karatasi ya A4, mimi huanza na jina kwa pointi 72 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), tarehe 36, maelezo 14. Ukiweka jina la 16 juu ya maelezo ya 14, jicho halijui liende wapi.

Kisha panga maandishi yote yaanzie mstari mmoja wa kushoto. Wanaoanza hupenda kuweka kila kitu katikati, nami nawasihi waache: aya ndefu ya katikati inachosha, kwa sababu kila mstari unaanzia mahali pake. Tarehe na saa zikae pamoja, maana ni habari moja, halafu acha nafasi ya kutosha kabla ya kinachofuata. Nafasi tupu haihitaji kujazwa maua.

Fonti (aina za herufi) mbili zinatosha. Rangi, mbili au tatu.

Ila kusomeka ndiko ninakokusimamia kwa ukali. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe yanamnyima habari mwenye macho dhaifu. Kwa tovuti, WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zifikiwe na watu wote, katika kiwango chake cha AA unataka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kujipima, geuza kazi yako iwe nyeusi na nyeupe. Maneno yakififia, badilisha rangi.

Ukichapisha, picha ziwe na pikseli 300 kwa inchi katika ukubwa wake halisi.